Binti yangu hajastaafu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mkufunzi mmoja wa sarakasi hapa Nakuru. Mwezi jana binti yangu, mwenye umri wa miaka 23, alirudi mazoezini baada ya kujifungua. Akaambiwa mbele ya wenzake, "Wewe sasa ni mama, waachie watoto." Alifika nyumbani na kandambili za mtu mwingine, kwa jinsi alivyoondoka kwa haraka.

Mkufunzi huyo namheshimu. Ndiye aliyefukia nusu ya tairi la lori uwanjani ili watoto wapate pa kujirushia, na ndiye huzunguka kwa maseremala akiomba maranda ya kujaza magunia ya kuangukia. Ila hapa amekosea, na ningependa amsome Oksana Chusovitina, mwanasarakasi wa Olimpiki.

Mama huyu alizaliwa Bukhara, Uzbekistan, mwaka 1975. Alipata dhahabu ya timu katika Olimpiki ya Barcelona 1992, akajifungua mtoto wa kiume 1999, na mwaka uliofuata alikuwa Sydney akishindana. Mwaka 2002 mtoto akapatikana na saratani ya damu. Sisi huku tungeitisha harambee. Yeye alimpeleka Ujerumani kutibiwa, na pesa za mashindano zikawa zinaingia hospitalini. (Sisemi ni jambo zuri mama kulipa bili kwa kupiga vichwangomba.) Mtoto alipona. Beijing 2008, akiiwakilisha Ujerumani, mama akatwaa nishani ya fedha katika kuruka meza, yaani kukimbia na kujirusha hewani juu ya kifaa kama meza. Alikuwa na miaka 33.

Tokyo, 2021, ilikuwa Olimpiki yake ya nane, akiwa na miaka 46. Viti vya mashabiki vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, lakini waliokuwa ukumbini walisimama wakampigia makofi, naye akalia. Ni kweli kwamba miaka ya mwisho alishikilia zaidi kuruka meza, akaacha vifaa vingine. Basi si mkufunzi amtafutie binti yangu anachokiweza sasa?

Na kama Uzbekistan ni mbali, Keringet iko hapa kwetu. Faith Kipyegon, aliyesomea huko, alijifungua 2018, na kati ya dhahabu zake tatu za Olimpiki za mita 1500, mbili alizipata akiwa mama.

Jumamosi saa mbili asubuhi binti yangu atakuwa uwanjani. Mjukuu nitambeba mimi. Na hizo kandambili tutazirudisha.

Mzazi,
Bondeni, Nakuru