Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: vile vyuma vilivyopakwa dawa viko wapi?

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia, lakini hapa Mtwara mwenye shida huamkia wote.

Jumanne iliyopita mwanangu kasafishwa kidonda tena. Msimu wa korosho uliopita bodaboda yake iligongwa na fuso barabara ya Masasi, muundi ukavunjika, mfupa ukachomoza nje. Akafungwa antena, yaani vile vyuma vya kushikilia mfupa kwa nje, baadaye akawekewa chuma ndani. Usaha haujakauka tangu hapo. Sasa wanasema chuma kitolewe, na mimi nimepewa karatasi nikanunue kingine. Cha kawaida kilekile, kitupu.

Nikukumbushe, Daktari, maana una mengi. Kwenye mkutano ule wa uwanjani ulishika kipaza sauti ukatuahidi kwamba waliovunjika vibaya watawekewa vyuma vilivyopakwa dawa ya kuzuia bakteria wasishike. Ulisema "hivi karibuni". Tulipiga makofi, mimi nikaongeza na kigelegele. Mikorosho imechanua, imezaa, imeuzwa mnadani. Hivi karibuni yako haijafika.

Jambo lenyewe nilieleweshwa na daktari kijana wa mifupa, ambaye simtaji asije akahamishwa. Bakteria wakikifikia chuma hujishikiza, kisha hujenga utando juu yake, kama ukoga kwenye meno. Wakishajifunika hivyo, dawa za dripu haziwamalizi, ndiyo maana mwisho wake chuma hutolewa. Mmarekani mmoja, Anthony Gristina, aliandika tangu mwaka 1987 kwamba chuma kikiingia mwilini huanza mbio: seli za mgonjwa na bakteria wanagombea nani akiwahi kwanza. Wenzetu wakaamua kumsaidia mgonjwa. Wapo wanaokipaka chuma madini ya fedha, Wajapani wamejaribu ayodini, na Ulaya wanazo nondo za muundi zilizopakwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ambayo hutoka kwa wingi siku za mwanzo, mbio zikiwa zimepamba moto.

Jentamaisini, Daktari! Si ndiyo hiyohiyo wanayochomwa watoto wachanga wodi ya pili? Dawa tunayo, chuma tunacho, kinachokosekana ni viwili hivyo kuja pamoja.

Najua utasema kidonda kiliingia mchanga pale barabarani. Huenda. Huenda pia ni maji ya lile tangi la wodini, ambalo sijamwona mtu akiliosha. Mimi moyo wangu unakilaumu chuma chenyewe. Nilikinunua kwa mkono wangu duka la nje ya geti, kimefungwa nailoni, kina mikwaruzo, na kijana yule aliniambia mikwaruzo huwapa bakteria pa kujibanza. Nilipouliza dukani kama kipo kilichopakwa, muuzaji alicheka. Akaniambia, "Mama, hicho labda anacho mganga mkuu wako."

Sasa nimekuja kwako. Mikorosho ya marehemu mume wangu nimeikodisha msimu mzima ili kulipia usafishaji huu. Mkwe wangu karudi kwao na mtoto, simlaumu. Mwanangu anauliza kama mguu utakatwa, na mimi namjibu kwamba daktari mkubwa ameahidi.

Leteni hivyo vyuma. Kama haviwezi kuwa vya wote, basi viwe vya miundi iliyotokeza nje, maana hiyo ndiyo inayooza. Kama hata hiyo ni mingi, mpeni rufaa aende vinakopatikana. Na kama rufaa nayo ni hivi karibuni, basi naomba kimoja tu, cha mguu mmoja wa kushoto.

Kama hakipo, kiandike kwa mkono wako kwenye hii karatasi ya manunuzi: hakipo, na kitakuwepo tarehe fulani. Upasuaji ni wiki ijayo. Karatasi ninayo, nipo kwenye benchi nje ya ofisi yako, na katibu muhtasi wako ananijua.

Wako katika kusubiri,
Mama wa majeruhi, wodi ya wanaume