Salamu za Krismasi, na habari za kijana wa mahandakini

Ndugu, jamaa na marafiki, Krismasi njema! Nawaombea afya na nyumba zenye amani. Wenye mgonjwa, Mungu awape nguvu. Mliofiwa mwaka huu, poleni sana. Sikukuu ya kwanza bila mpendwa wako ni nzito.

Kila Desemba namkumbuka Edward Hulse, Mwingereza aliyesoma Eton, shule ya watoto wa tabaka la juu, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Waingereza wakipigana na Wajerumani, vijana wa shule za namna hiyo ndio waliokabidhiwa askari wawaongoze. Hulse alikuwa afisa wa kikosi cha Scots Guards kaskazini mwa Ufaransa, umri wake miaka 25.

Tarehe 18 Desemba kikosi chake kilishambulia, na wengi waliouawa wakabaki wamelala uwanjani kati ya mahandaki ya pande mbili. Asubuhi ya Krismasi, siku ambayo askari wa pande zote mbili waliacha kupigana sehemu nyingi, Wajerumani wanne wakatoka kwenye handaki lao. Hulse naye akaenda kuonana nao, mikono mitupu. Mmoja alikuwa ametokea Suffolk, Uingereza, ambako alimwacha mchumba wake, na pikipiki yake pia! Alichotaka ni kumpelekea binti yule salamu. Hulse akamwambia aandike postikadi, na usiku uleule akaituma.

Wengi husimulia habari za mpira ambao inasemekana askari wa pande mbili waliucheza siku ile. Mimi hunigusa zaidi postikadi hiyo. Afisa yule angeweza kabisa kukataa, kwani wenzake walikuwa hawajazikwa, wamelala karibu na seng'enge za hao hao Wajerumani. Walizikwa siku hiyo, na Wajerumani wakasaidia.

Tarehe 12 Machi 1915 Hulse aliuawa vitani huko Neuve Chapelle, Ufaransa. Mama yake, ambaye alikuwa ameandikiwa kila kitu kuhusu Krismasi ile, alizikusanya barua za mwanawe zikachapwa mwaka 1916. Ndiyo maana leo tunajua habari za mchumba wa Suffolk. Sijui kama mama yule aliweza kuzisoma bila machozi, mimi nimeshindwa.

Basi salamu zangu za mwaka huu ziwafikie kwanza kina mama na kina baba wenye watoto jeshini, wanaosikiliza simu kuliko wanavyosikiliza nyimbo za sikukuu. Nanyi mlioko lindo usiku huu, Mungu awarudishe nyumbani salama. Krismasi njema kwenu nyote, na heri ya mwaka mpya.