Barua kwa mwanangu aliye Mile End, London

Nachingwea, 9 Agosti 2024

Mwanangu,

Picha uliyopiga na sanamu ya Attlee, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, pale chuoni imefika. Mama yako alikutazama wewe, akasema umekonda. Mimi nilitazama nguzo za taa nyuma yako. Tangu redio ianze kutangaza fujo dhidi ya wageni huko Uingereza, sina usingizi. Shifti unatoka saa ngapi? Nimeuliza mara tatu, unanijibu kwa picha.

Huyo mzee tunamjua sisi. Serikali yake ndiyo iliyoleta mradi wa karanga hapa, ukafa mwaka 1951, na reli yake ikaja kung'olewa. Kumbe huko kwenu ana sifa nyingine kabisa! Mtoto wa wakili wa Putney, mwaka 1905 alikwenda Stepney, hapo hapo mashariki mwa London, kutazama klabu ya vijana wa kimaskini, akanogewa, akahamia. Akawa meya wa Stepney mwaka 1919, na mwaka 1922 mbunge wa Limehouse. Sanamu yenyewe ilikuwa nje ya maktaba ya Limehouse, wahuni wakaiharibu, ikatengenezwa na kuhamishiwa chuoni kwenu mwaka 2011. Sasa nikuulize: shaba imetafutiwa mahali pa usalama, wewe mwenye damu unatembea usiku saa sijui ngapi?

Najua utanijibu kwamba mwaka 1936 watu wa Stepney waliwazuia mafashisti kupita Cable Street. Nimefundisha historia miaka 31, usinifundishe. Na juzi Walthamstow, ambako Attlee alimalizia ubunge wake, maelfu wamejitokeza kuwatetea wageni. Nimefurahi. Lakini wale walikuwa maelfu. Wewe unarudi peke yako.

Hela ya bati usitume mwezi huu. Wala ujao. Nyumba haivuji sana, na mvua bado. Niliposema kazi ni kazi, sikuuliza ni ya usiku au mchana.

Mikorosho imeanza kutoa maua, na mdogo wako anapulizia salfa bila kufunga kitambaa puani. Naye hasikii, mmefanana. Mashine ya kupulizia tumeazima kwa mjomba wako, anaidai kila asubuhi. Mama yako anauliza kama ule unga wa muhogo umeisha.

Ukifika ndani, andika "nimefika" tu. Hata saa tisa usiku. Simu nimeiweka chini ya mto.

Baba yako