Karoti si kidonge

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wenzangu wanaonunua vidonge vya "kurudisha ujana". Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya kuwapa wanaume wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti. Saratani ya mapafu haikupungua, iliongezeka! Karoti yenyewe haina kosa. Ndani yake rangi hiyo huja kwa kiasi, pamoja na nyuzinyuzi na mengine mengi.

Tazameni luteini, rangi ya manjano iliyomo kwenye mboga za majani: hujikusanya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwenye doa la manjano tunalosomea gazeti hili, ikilichujia jicho mwanga wa buluu. Ila huyeyuka kwenye mafuta, na bila mafuta mwili huifyonza kidogo. Mboga ya kuchemsha tupu, tieni japo kijiko cha mafuta, jamani.

Msomaji wenu wa siku nyingi