Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kamati ya chama chetu cha usalama barabarani ilikutana mara tisa. Tulifyeka majani yaliyoziba vibao vya barabarani, tukatoa elimu kwenye vijiwe vya bodaboda, tukamwona mtendaji wa kata. Mengine yamo kwenye mihtasari ya katibu.

Nije kwenye jambo lililozua maneno. Shilingi 1,800,000 zilichangwa kwa ajili ya matuta ya njia panda ya sokoni, na kamati, kwa pendekezo langu, ikazielekeza kwanza kwenye uchambuzi wa takwimu za ajali. Imesemwa mtaani kwamba nimenunua kompyuta. Haikununuliwa hata moja. Fedha zililipa vijana waliohesabu magari na waenda kwa miguu kwenye makutano yote ya kata, pamoja na mtaalamu aliyeoanisha hesabu hizo na kumbukumbu za ajali. Mimi mwenyewe nilisimama nao juani siku tatu, bila posho.

Sokoni kulitokea ajali nne mwaka juzi. Mwaka jana ikatokea moja, na hakuna tuta lililojengwa. Tungekuwa tumelijenga, leo tungelishangilia tuta! Ajali za mahali pamoja ni chache, kwa hiyo hupanda na kushuka zenyewe. Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliwafundisha wahandisi wasitegemee hesabu ya eneo moja peke yake, bali waichanganye na ajali zinazotarajiwa katika maeneo yanayofanana nalo kwa wingi wa magari na umbo la barabara. Mwongozo wa usalama barabarani uliotolewa Marekani mwaka 2010 unafuata njia hiyo. Sikuitunga mimi.

Kwa hesabu hiyo sokoni pakawa pa tano kwa hatari, na cha kwanza kikawa kivuko cha shule, ambako imeandikwa ajali moja tu. Pale magari yanakimbia. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Na wanaovuka pale ni watoto.

Najua mwenzetu mmoja amemzika mjukuu wake kwa sababu ya njia panda ile. Nilibeba jeneza. Hakuna hesabu inayopunguza msiba huo, na sijawahi kusema hivyo.

Lakini kikao cha Mei kilichopitisha uamuzi kilihudhuriwa na wanachama 19 kati ya 86, baada ya kusubiri akidi kwa muda wa saa mbili. Wanaolalamika sana leo sikuwaona. Ada ya 12,000 wamelipa 31. Ada ambayo haijalipwa ni 660,000, na benki imebaki 143,500.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata kibali cha tuta la kivuko cha shule na wahisani wa kutuunga mkono. Sokoni nako tutafika fedha zikipatikana. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.