Albamu ya Ziggy isikatwe vipande

Mhariri,

Mimi ni fundi redio hapa Kirumba tangu 1984. Nina ombi kwa watangazaji wa stesheni zetu za Mwanza: mkitaka kutupigia David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza, siku moja tupigieni albamu yake ya Ziggy Stardust yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na moja, bila kuipangua.

Kila ninapomsikia Bowie hewani ni "Starman", kisha tangazo. Wimbo ni mtamu, sibishi. Alipouimba kwenye televisheni ya Uingereza Julai 1972, mkono begani kwa mpiga gitaa wake Mick Ronson, kuna watoto waliomtazama siku ile ambao walikuja kuwa wanamuziki. Lakini wimbo huo uliongezwa mwishoni, kampuni ya rekodi ilipotaka wimbo wa kuuza peke yake. Moyo wa albamu haupo hapo.

Kaseti yangu nilipewa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa akihama, ikawa ndiyo malipo ya redio niliyomtengenezea. Inaanza na "Five Years". Ngoma zinaingia taratibu, halafu unajikuta sokoni, kina mama wanashusha pumzi, msomaji habari analia: dunia imebakiza miaka mitano. Miaka ile nilifuata gitaa tu, maneno yalinipita.

Yalinirudia Mei 21, 1996. Nilishuka mwaloni asubuhi, nikakuta kina mama wa dagaa wamekaa chini na hakuna anayeuza. Wanaulizana nani alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani. Binamu yangu alikuwamo. Amelala makaburini Igoma pamoja na wenzake.

Wiki chache baadaye niliiweka kaseti kibandani, redio ya mteja ikiwa wazi mezani, nikaiacha iende pande zote mbili. Nikapita kwa huyo Ziggy, mwanamuziki wa kubuni anayepanda hadi kuabudiwa kisha anaanguka. (Bowie alimvaa jukwaani mpaka alipomzika mwenyewe mbele ya mashabiki London, Julai 3, 1973. Sisi Wasukuma tunalielewa hilo: manju wa Wagika au Wagalu, vyama vyetu vya ngoma, akishavaa na kuingia uwanjani kwenye sherehe ya Bulabo, si jirani yako tena.) Ndipo ukafika wa mwisho, "Rock 'n' Roll Suicide". Sauti inaanza chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kisha inapanda na ala zote, inamwambia aliyekata tamaa kwamba hayuko peke yake. Nililia pale pale.

Ningeusikia wimbo huo wenyewe tu, kati ya matangazo mawili, ungenipita. Ulinishika kwa sababu nilikuwa nimetokea kule sokoni. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu hii kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, na waliiingiza nzima.

Haifiki dakika 40, yaani kipindi kimoja cha mpira kinaizidi. Tupeni usiku mmoja, baada ya saa nne, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na redio zao. Kama stesheni haina nakala, kaseti yangu bado inacheza vizuri. Nitaileta kwa mkono wangu.

Fundi redio,
Kirumba, Mwanza