Kabla hujashuka mlima Kitonga, mafuta ya breki ulibadilisha lini?

Kila mwaka Desemba ikikaribia gereji yetu inajaa, watu wanaenda kwao Iringa, Njombe, Mbeya, na wengi wakifika ni "fundi nifanyie sevisi naondoka kesho". Sevisi yenyewe ni kumwaga oili ya injini, filta, kujaza upepo, basi. Ukimuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini anakuangalia tu, hajui kama nayo yanabadilishwa, na hatumlaumu jamani maana hata mafundi wengi wakiona yamepungua wanaongeza wanafunga kifuniko.

Januari mteja wetu mmoja mwenye IST alikuwa anarudi Dar na mke na watoto, kapita Ilula kaanza kuishuka Kitonga, gia iko D muda wote, lori mbele basi nyuma, mguu uko kwenye breki tangu juu. Katikati ya mlima pedali ikawa laini, anakanyaga inazama mpaka chini. Akarudisha gia ndogo, akawa anavuta hendibreki kidogo kidogo mpaka akapata pa kusimama pembeni. Wakakaa kama nusu saa, pedali ikarudi ngumu kama kawaida, akaendelea na safari.

Alipotuletea tukakuta pedi bado nene kabisa, diski nzima, hakuna panapovuja. Ila mafuta tuliyoyatoa yalikuwa meusi kama kahawa, wakati mapya yana rangi ya asali nyepesi.

Iko hivi, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani taratibu hata kama gari umeipaki tu, na hapa Dar joto na unyevu tunavijua. DOT 3, moja ya aina za mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140 hivi. Sasa ukishuka mlima mrefu umekanyaga tu, diski zinawaka moto, joto linafika kwenye mafuta, yanachemka, unatokea mvuke, na mvuke unabonyea, kwahiyo nguvu ya mguu wako inaishia kuubonyeza huo mvuke badala ya kufika kwenye pedi. Yakipoa unarudi kuwa maji, pedali inakuwa ngumu tena, ndo maana watu wanadhani tatizo limeisha.

Kwahiyo badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari haitembei sana. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki ndani ya boneti, na usikubali uwekewe ya kwenye chupa iliyokaa wazi gereji miezi, hiyo imeshanyonya maji. Oili ya injini humo usiweke kabisa, inaharibu mipira ya breki. Na ukiona yamepungua usiongeze tu, mara nyingi ni pedi zimelika au kuna panapovuja, mwambie fundi afungue tairi aangalie.

Mlimani wenyewe shuka na gia ndogo, injini ishike gari, breki unakanyaga unaachia.

Kwetu kazi hii ni kama saa moja, tunatoa mafuta yote ya zamani pamoja na hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki za matairi yote manne, tunapima na pedi hapohapo. Njoo angalau wiki moja kabla ya safari, sio jioni ya kuamkia, maana tukikuta pedi imeisha au bomba limeoza tunataka tupate muda wa kutafuta spea nzuri na wewe upate siku mbili za kuijaribu gari hapa mjini.